Gobore la Lancaster

Babu yangu mzaa baba alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto. Tulipokuwa wadogo kule Sikonge tulidhani kazaliwa hivyo, maana kikombe cha uji alikishika vizuri tu, na kamba za kitanda alizisuka kuliko wenye vidole vitano. Nilikuwa darasa la sita siku aliponiambia mwenyewe: ni gobore. Alilichonga kwa mkono wake, kasiba akaweka kipande cha bomba la maji, akawa anawindia ngiri. Siku moja bomba likapasuka, na vidole viwili vikabaki porini.

"Lakini kitako kilirudi kizima," alisema, kama mtu anayetetea kazi yake. "Mninga ule. Hakikuingia hata ufa."

Nami nimekuwa seremala. Nina miaka 11 sasa hapa Lancaster, Pennsylvania, kwenye karakana ya makabati ya jikoni, na msimu wa baridi uliopita nilimaliza gobore langu mwenyewe. Lilinichukua miezi 14. Nilipoanza nilimwambia mke wangu ni kazi ya miezi miwili, na hilo hajalisahau.

Lancaster ni mji ambao Kiswahili hakikupigi chenga. Ndugu zetu Wakongo wako wengi. Jumamosi unaweza kununua sombe, yaani kisamvu, kupatana bei na kuulizana habari za nyumbani bila kugusa Kiingereza. Nisichokijua kwa miaka yote hiyo ni kwamba hapa ndipo ilipokulia ile bunduki ndefu ya Wamarekani. Mafundi wa Kijerumani na Kiswisi walihamia huku mwanzoni mwa miaka ya 1700, wakaja na bunduki zao za kuwindia, fupi, nene, zenye tundu kubwa. Lakini msituni huku baruti ilikuwa ghali na duka lilikuwa mbali. Basi wakarefusha kasiba na kupunguza tundu, ili ratili moja ya madini ya risasi itoe goroli nyingi zaidi. Ile mifereji ya mzunguko ndani ya kasiba, inayoizungusha risasi ili isiyumbe, wakaiacha kama walivyokuja nayo. Watu wengi huiita bunduki ya Kentucky. Usilitamke hilo mbele ya mzee wa Lancaster.

Mzee aliyenifundisha ni jirani yangu, mstaafu, aliwahi kufanya kazi karakana ileile kabla sijafika. Aliniita gereji kwake siku moja nimsaidie kunyanyua meza ya msumeno. Ukutani ilining'inia bunduki ndefu kunipita kimo, nyembamba, mti wake una michirizi kama ngozi ya chui milia. Akaniruhusu kuishika. Nikajikuta nasema, peke yangu, "Gobore."

Akauliza nimesema nini. Nikamweleza, naye akataka maneno mengine. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili kinayo yote, tena bila kutafuta. Jiwe la kutoa cheche ni gumegume, na bunduki yenyewe nayo huitwa gumegume. Kile kitundu ambacho moto hupitia kuifikia baruti ni kifa. Fimbo ya kushindilia ni mdeki. Zile za baadaye, zisizotumia jiwe, zinatumia fataki. Mzee aliyaandika kwa penseli kwenye ubao wa ukuta wake, na mpaka leo akitaka nimpe fimbo ile ananiambia, kwa lafudhi ya ajabu, "Indeki."

Nilimweleza pia kwamba kwetu Unyamwezi hizi bunduki si ngeni. Zilipanda na misafara ya pwani kwenda Tabora karne ya 19, na mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, alizijua vizuri kuliko wengi waliomwandika. Alinisikiliza kwa heshima. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba kitu hiki ni cha kwao peke yao.

Niseme jambo la sheria kabla sijaendelea. Hapa Marekani, sheria ya taifa ya 1968 inaziweka bunduki za kushindilia za namna hii kwenye kundi la vitu vya kale, na Pennsylvania wana hata msimu wa kuwinda kulungu baada ya Krismasi uliotengwa kwa ajili ya gumegume. Hata hivyo, nilipoanza nilikuwa tayari nina uraia, na niliuliza kwanza sheria za jimbo. Nyumbani Tanzania habari ni nyingine kabisa: kuna sheria ya silaha ya 2015, na gobore lisilo na kibali linaweza kukupeleka jela. Kwa hiyo kaka uliyeko Mpanda au Inyonga, usinitumie ujumbe wa vipimo. Sitajibu.

Haya, kazi.

Mimi nilikuja na shauku ya kutengeneza kila kitu, kuanzia kasiba. Nilitaka nikisema "nimetengeneza mwenyewe" pasiwe na mtu wa kunihoji. Mzee akaniacha niongee mpaka nikamaliza, kisha akanisimulia habari za fundi Wallace Gusler, ambaye miaka ya 1960 kule Williamsburg, Virginia, alitengeneza bunduki nzima kwa njia za karne ya 18: akafua chuma bapa kwenye moto, akakikunja kikawa kasiba, akakiunga kwa nyundo, akatoboa, akachora mifereji. "Yeye alikuwa na kalibu, alikuwa na waliomtangulia, na alikuwa na miaka ya kukosea," akasema. "Wewe una nini?"

Nikamwambia habari za babu. Sikupanga kumwambia. Akatazama mkono wangu wa kushoto, akaondoka, akarudi na anwani ya watu wanaotengeneza makasiba kwa chuma kilichochaguliwa kwa kazi hiyo na kutobolewa kwa mashine. Tuliagiza kasiba ya inchi 42, ya pembe nane, tundu la nusu inchi. Mtambo wa kupigisha gumegume nao tuliununua. Alisema kwamba karibu mafundi wote wa siku hizi hufanya hivyo, na hakuna anayewacheka: kitu kitakachobeba mlipuko sentimita chache kutoka usoni mwako kiachie aliyekipima. Kilichobaki ni changu, yaani mti, shaba na subira. Kwa seremala, nikawaza, hivyo viwili vya kwanza ni rahisi.

Mti wenyewe ni mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Unatafutwa ule wenye mawimbi, ambao nyuzi zake hazikunyooka, zinapanda na kushuka kama maji ya ziwa. Unapendeza na ni msumbufu. Randa ikienda huku inalala laini, ikirudi huku inang'oa vipande. Niliyezoea mninga, unaokubali patasi kama siagi, nilijiona mwanagenzi.

Ubao wa kwanza niliuharibu usiku wa kwanza. Mzee alikuwa ameniambia tutaanza Jumamosi. Mimi Alhamisi usiku nikauweka kwenye msumeno wa mkanda, nikakata umbo la kitako. Nililiona lote kichwani: mteremko wake, tumbo lake, pale shavu linapolala. Nikalichonga kwa patasi mpaka saa saba usiku, na kusema kweli kilitoka kizuri. Jumamosi nikampelekea nikiwa najisikia.

Akakigeuza. Akakipima. Akasema, "Umechonga kitako kizuri cha bunduki ambayo haipo."

Nilichukua muda kumwelewa. Kwenye hii kazi kasiba ndiyo inayotangulia, mengine yote yanaifuata kama mabehewa. Ukishailaza kasiba ndiyo unajua kifa kitakaa wapi. Mtambo unakaa pale ambapo kisahani chake cha baruti kinakutana na kifa, usogee milimita mbili na cheche zitaangukia hewani. Kilimi, kile unachovuta kwa kidole, kinakaa pale mtambo unapokitaka. Na kutoka kwenye kilimi ndipo unapopima urefu wa kitako kufuata mkono wa mwenye bunduki, kwangu mimi inchi 13 na nusu. Kitako kinakuja mwisho kabisa. Mimi nilianza nacho kwa sababu ndicho pekee nilichokuwa nacho kichwani tangu darasa la sita.

Ubao ule uligharimu dola 160. Sasa ni miguu ya kigoda.

Kwa ubao wa pili nilikaa wiki saba kwenye mfereji wa kasiba peke yake, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipojifunza kitu ambacho miaka 20 ya useremala haikunifundisha. Kasiba ya aina hii haijanyooka kama bomba. Nyuma ni nene, katikati inapungua, kisha inatanuka tena kidogo mdomoni, kama mtu aliyejifunga kanga kiunoni. Mashine ya kawaida ya seremala haiwezi kukuchimbia mfereji wake ukakaa sawa. Unachimba kwa patasi, na unaongozwa na masizi.

Mzee ana rangi yake ya dukani ya kazi hiyo. Mimi nilitengeneza kibatari kwa kopo la nyanya na utambi wa shuka kuukuu, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke kijijini nikasikia harufu ya mafuta ya taa na nikafurahi. Unapitisha kasiba juu ya moshi mpaka inakuwa nyeusi yote. Unailaza kwenye mfereji, unaigonga taratibu kwa nyundo ya mti, unainyanyua. Mti unabaki na madoa meusi pale tu ulipogusa chuma. Madoa ndiyo unayoyakwangua, uzi mmoja wa unywele, si zaidi. Unapaka masizi tena. Unalaza. Unagonga. Unanyanyua. Jioni moja naweza kuwa nimerudia mara 30, na kasiba imeshuka unene wa karatasi.

Mwanzoni nilikuwa naona kwa macho pa kukwangua, nasema hapa pameinuka, nakwangua, halafu masizi yananiambia palikuwa sawa, umeshatengeneza shimo. Makabati nimeyatengeneza kwa macho maisha yangu yote. Kabati likipishana nusu milimita unaweka silikoni na mteja haoni. Hapa nafasi ikibaki, mti unapokea pigo mahali pamoja badala ya kote, na siku moja unapasuka. Kufika wiki ya nne niliacha kabisa kukisia. Nilikuwa nakwangua cheusi tu, cheupe sigusi, hata kama roho inaniambia vingine. Ilikuwa kama mtu ameniondolea mzigo.

Siku mfereji ulipokamilika nililaza kasiba, nikaugeuza ubao chini juu, nikautikisa. Kasiba haikuanguka, wala hakuna pini wala skrubu iliyoishika. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja na mwiko mkononi, akatazama, akasema, "Sasa hiyo imekwisha?" Nikasema bado. Akarudi jikoni.

Tundu la mdeki ndilo lililonitia aibu. Linatobolewa chini ya kasiba kwa keekee ndefu kama mkuki, na kati ya tundu hilo na mfereji kunabaki mti wa milimita 3 tu. Huwezi kuona inakokwenda. Keekee hufuata nyuzi za mti, na nyuzi za mepo, kama nilivyosema, hazijanyooka. Yangu ilipanda. Nilikuwa nimebakiza inchi mbili nilipoona mstari mwembamba wa mwanga sakafuni mwa mfereji. Nikaacha, nikazima taa, nikaenda kulala bila kula. Kesho yake nikaziba kwa kibanzi cha mepo na gundi. Ukiitoa kasiba utaliona kovu hilo. Siitoi mbele za watu.

Mtambo, kilimi, na ile pete ya shaba inayolinda kidole vilikwenda salama, vikanichukua miezi mitatu hivi, na sina la kusimulia. Bamba la shaba la kitakoni limejipinda pande mbili kwa wakati mmoja, na katika kulilaza nilitamka maneno ya Kinyamwezi ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Kuchonga nakshi nilipewa uhuru. Desturi ya Lancaster ni majani yanayojiviringa. Mimi nikachora ua la milango ya pwani, lile lililosafiri na misafara mpaka kwenye milango ya Tabora, nikaliweka upande wa shavu. Mzee akaliangalia sana. Akasema watu wa kwenye maonyesho hawataelewa. Kisha akaniomba karatasi ya mchoro.

Halafu rangi. Hakuna siku niliyoogopa kama hiyo, hata siku ya kufyatua. Mepo ni mweupe kama unga. Wazee wa hapa huupaka tindikali iliyoyeyusha chuma, na Mzee alikuwa na chupa yake. Tukafanyia nje, glavu mkononi, upepo ukitupa mgongo. Nilipopaka, kitako changu cha miezi kumi kikageuka kijani-manjano, rangi ya mtu anayeumwa ini. Nikamwangalia Mzee. Akanipa chuma kilichotoka motoni, akaniambia nikipitishe karibu, nisiguse.

Joto lilipopita, ile rangi mbaya ikakimbia. Inakimbia kweli, unaiona: nyuma ya chuma mti unakuwa hudhurungi, kisha mwekundu wa udongo wa kichuguu, na michirizi ikaruka juu mmoja baada ya mwingine, kama chapati inavyoanza kuota madoa kwenye kikaango. Nilienda polepole kutoka kitakoni hadi mdomoni, nusu saa nzima, na hakuna aliyesema neno. Baadaye tukaosha kwa maji ya magadi ili tindikali isiendelee kula mti, na kwa wiki mbili nikawa napaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tone kidogo, nasugua mpaka mkono unapata moto.

Siku ya kufyatua tulienda shambani kwa rafiki yake. Bunduki mpya haishikwi mkononi. Inafungwa kwenye matairi makuukuu, kilimi kinafungwa kamba ndefu, na watu wanajificha nyuma ya gari. Nikavuta. Gumegume likapiga, kisahani kikawaka, moshi ukapanda, basi. Kimya. Tukasubiri dakika nyingi kabla ya kusogea, maana moto unaweza kuwa umelala ndani. Kosa lilikuwa langu: kwa mapenzi nilikuwa nimepaka mafuta kila mahali, na kifa kilikuwa kimeziba.

Tukakizibua kwa kijiti cha shaba, tukaanza upya. Safari hii ilisema. Nilitegemea sauti kali, kumbe ni nzito, kama mlango mkubwa unaofungwa kwa upepo, na wingu jeupe likatembea shambani bila haraka. Tukakagua kasiba inchi kwa inchi, tukakagua mti. Tukarudia mara mbili. Ya nne niliipiga begani. Nililenga sahani ya karatasi hatua 40, nikapiga udongo. Ya saba ikaingia ukingoni. Mzee alipiga moja tu, ikaingia katikati, akaniambia bunduki haina tatizo.

Wasichokuambia ni usafi. Baruti hii nyeusi huacha uchafu unaovuta unyevu, ukilala nao usiku kucha kutu inaanza. Ni maji ya moto na sabuni, siku hiyohiyo. Niliosha bafuni, na nyumba nzima ikanuka mayai viza. Mke wangu alifungua madirisha, nyuzi joto zikiwa chini ya sifuri, hakusema kitu. Mimi nilikuwa nimekaa pale sakafuni nimeshika kitambaa. Ilikuwa harufu ya koti la babu, lile la kaki lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango. Nilikuwa naidhani ni harufu ya uzee.

Babu alifariki 1998. Aliyebaki ni baba mdogo, yuko Sikonge, naye ndiye aliyembeba siku ile kutoka porini, akiwa kijana wa miaka 15. Jumapili nikampigia kwa video. Nikaweka simu mezani, nikasema, "Mwangaluka, baba," nikainyanyua bunduki aione.

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Hilo bomba umelitoa wapi?"

"Nimenunua, baba. Limetengenezwa kiwandani, limepimwa."

"Hukulichonga wewe."

"Sikulichonga mimi."

Nikamsikia akishusha pumzi. Kuku walikuwa wanalia nyuma yake.

"Na mti?"

"Mti ni kazi yangu."

"Haya," akasema, akaisogeza simu karibu na uso mpaka nikawa naona jicho moja tu. "Geuza nikione kitako."